Kinywaji cha Wakwe

Emérite wa Rosettenville si mtu wa kubabaishwa na chakula. Mwanamke aliyekula unga wa njano wa kambini miaka kumi, kisha akala pap, ugali wa Joburg, miaka kumi na minne, chapati ya Meksiko ingemtisha kwa lipi? Kilichomtesa Jumapili ile ya Oktoba 2018 ni glasi moja tu ya maji mekundu. Iliwekwa mbele yake saa saba na nusu mchana, ikakaa palepale mpaka barafu yake yote ikayeyuka. Wanaohadithia kisa hiki kanisani huongeza chumvi, eti alikaa nayo saa tano. Waongo wakubwa. Ilikuwa saa mbili kasorobo, na zilimtosha.

Kazi yake ni ushonaji. Ana cherehani mbili katika gereji ya kupanga, moja ya mguu na moja ya umeme, na hapo hushona sare za kwaya, magauni ya vitenge na suruali za shule za kupunguza kiuno. Tepu huitundika shingoni ili wateja wapate imani tu. Kupima hupima kwa macho. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako, akikutazama mara ya pili anajua kwa nini umevaa hivyo. Mdomo hudanganya, ndivyo asemavyo, lakini pindo halidanganyi. Mtu aliyenyoosha suruali yake mpaka ikasimama ana jambo. Aliyevaa kilichopatikana hana jambo. Kwa elimu hiyo amewahi kuwabashiria watu harusi, kesi na hata talaka, na mara nyingi hakukosea.

Ana mtoto mmoja, Annick, aliyezaliwa kambini Kasulu, upande wa Tanzania, akafika Joburg ana miaka tisa. Sasa ana ishirini na tatu, anafanya kazi duka la dawa, na Kizulu anakiongea kama mwenyeji. Kiswahili anakielewa chote, ila akikisema kinatoka kikichechemea. Kwa hiyo nyumbani mama huuliza kwa Kiswahili, binti hujibu kwa Kiingereza, wali unapikwa na maisha yanaenda. Mama naye Kiingereza chake ni cha gerejini, cha njoo Ijumaa na hakuna kupunguza. Kizulu chake kinatosha kumwambia mteja ageuke, ainue mikono, avue koti, basi.

Alhamisi ya wiki hiyo Annick alisimama kwenye mlango wa gereji akasema familia ya Siyanda inawaalika chakula cha mchana Jumapili, baada ya ibada, kwenye mkahawa wa Kimeksiko kule Observatory. Mguu wa Emérite ulisimama juu ya kanyagio. Siyanda alimjua. Ni fundi wa lifti, kijana mpole, miaka miwili sasa anamchukua Annick na kumrudisha, na hajawahi kuondoka bila kuuliza kama kuna taa iliyoungua. Emérite akauliza hicho ni chakula cha nini. Annick akasema ni chakula cha kula, mama, cha nini tena? Akauliza watakuwepo nani. Mama yake Siyanda, akaambiwa, maana baba alishafariki, na baba yake mdogo anayekuja kutoka Ladysmith. Baba mdogo! Mtu atoke Ladysmith, saa nne za barabara, aje kula tu? Annick alicheka, akambusu mamake kwenye paji la uso, akaenda zake, akamwacha Emérite na sketi ya watu chini ya sindano.

Sasa, Warundi wa Joburg wana mzee wao anaitwa Octave. Wiki nzima ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la matairi. Jumamosi huvaa suti ya kijivu akawa msemaji wa posa na harusi, kuanzia Yeoville mpaka Pretoria. Yeye ndiye anayejua nani aanze kusema, nani akae kushoto, na ng'ombe ambao hakuna aliyewaona wanasifiwa vipi. Emérite alimpigia simu kabla mzee hajaenda kazini. Octave alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akatoa hukumu. Chakula ni cha tumbo, alisema, kinywaji ni cha neno. Ale chochote atakachopewa. Lakini wakwe wakimwekea kinywaji, hata kama yeye ni mlokole na kinywaji ni Fanta, asikiguse mpaka mtu afungue mdomo aseme wamefuata nini. Akinywa kabla ya neno, ameshajibu. Atakuwa amemtoa binti yake kama mtu anavyogawa paka.

Emérite akamuuliza, je, kama ni chakula tu na hawana neno lolote?

"Basi, Mama Annick," Octave alisema, "utakuwa na kiu."

Mwingine angecheka. Emérite hakucheka, na sababu yake ni hii. Yeye mwenyewe hakuposwa. Mwaka 1994, kambini, kijana anaitwa Valentin alikuja jioni akambebea beseni lake na mkeka wake kutoka mstari wa tatu wa vibanda mpaka mstari wa saba, Emérite akamfuata nyuma, na walipofika huko akawa mke. Vita vilikuwa vimekula ng'ombe, vimekula na wajomba, nani alikuwa na nafasi ya maneno? Lakini baba yake alikuwa hai. Asubuhi yake mzee alivaa koti lake, lilelile moja alilovuka nalo mpaka, akatoa kigoda nje ya kibanda, akaketi. Alikuwa anawangoja wakwe waje waseme. Alikaa siku tatu na koti lake katika jua la Kasulu. Hakuna aliyekuja. Siku ya nne alilivua, akalikunja, na hakulitaja jambo hilo mpaka alipokufa masika yaliyofuata. Valentin hakuwa mtu mbaya. Homa ilimuua wakati Annick ana miaka mitano, na Emérite alimlilia sana. Ila lile koti hakulisahau. Aliapa moyoni kwamba mwanawe ataombwa kwa mdomo, na yeye mama atasikia.

Jumapili Siyanda aliwafuata kanisani na gari lake. Emérite alikaa mbele, na robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, ilipowasimamisha akapata nafasi ya kumkagua kijana. Jinzi, fulana ya kola, na raba. Raba! Nani amewahi kwenda kuposa na raba? Moyo ukatulia. Ni chakula tu, akajiambia, nitakunywa soda yangu kama watu wengine.

Utulivu huo haukuvuka mlango wa mkahawa. Ni nyumba ya zamani iliyo juu ya kilima, ina veranda, na ukutani wamechora kaktasi aliyevaa kofia pana na masharubu. Ndani ni kelele za Jumapili: watoto wanarushiana mipira katika chumba chao cha kioo, akina mama wanakula nusu na kuchungulia nusu, na darini zinaning'inia karatasi za rangi zilizokatwa maua kwa ustadi ambao Emérite aliusifu kimoyomoyo. Kisha, kwenye meza ya dirishani, baba mdogo akasimama kuwapokea. Amevaa suti. Suti nyeusi ya vipande vitatu, kizibao na yote, katika joto lile, na suruali ina mstari wa pasi wa kukata kidole. Mama yake Siyanda, wanayemwita MaNgubane, amevaa gauni la shweshwe, kile kitambaa chao cha buluu cha maua madogo, na pindo lake limeshonwa kwa mkono. Kwa mkono, wenzangu! Emérite aliketi. Suti inasema ndiyo, raba zinasema hapana, amwamini nani?

Na watu wenyewe hawakumsaidia. MaNgubane, mwalimu wa shule ya msingi, mnene, mwenye sauti ya kwaya, alimkumbatia akamwita Mama ka-Annick, jina ambalo halikuhitaji mkalimani, na likampendeza. Huyo anaonekana amekuja kufurahi tu. Lakini baba mdogo, Bhekani jina lake, alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, vilevile kama kwao Rumonge, Burundi, akainamisha kichwa, halafu akakaa kimya kama mtu anayepanga maneno. Emérite akaona hapa kuna kitu. Dakika hiyohiyo baba mdogo akafungua orodha ya vyakula na kuuliza nyama iko wapi.

Mhudumu alikuja na swali la vinywaji kwanza, kabla ya yote. Emérite akasema asante, hana kiu. MaNgubane hakulikubali hilo; mgeni wake akae mkavu, haiwezekani. Akaagizia meza nzima jagi la kinywaji chekundu cha mle ndani, kisicho na pombe, na glasi moja ikatua mbele ya Emérite, barafu ikigongana, kipande cha ndimu juu. Aliinusa akaijua. Ilikuwa rozela! Yeye huyuhuyu aliichemsha rozela kambini akaiuza kwa vikombe, akamnunulia Annick viatu vya kwanza. Wenzake waliinua glasi, naye akainua yake, kwa sababu adabu ni adabu. Wakanywa. Yeye akairudisha mezani ilivyokuwa. MaNgubane aliona.

Chakula kikaja, na kikazidi kuchanganya mambo. Kwanza sahani ya vipande vikavu vya mahindi, vyembamba, vyenye chumvi, na hakuna aliyemwambia kama hicho ndicho chakula au ni cha kupitishia muda. Akala kwa tahadhari. Likaja parachichi lililopondwa na kitunguu, kitu ambacho kwao mtu hula chini ya mti wake bila kulipa senti. Zikaja chapati za mahindi, nyama ya kuku, na bakuli kubwa la maharagwe ya kupondwa. Maharagwe! Hapo Emérite alikaribia kucheka. Tangu lini watu wakaposa kwa maharagwe? Raba zimeshinda, akasema moyoni, na mkono ukaanza safari ya kwenda kwenye glasi. Baba mdogo akakohoa. Akafunga kifungo cha koti, akainuka nusu. Emérite akaurudisha mkono haraka, akauweka pajani, akakaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Baba mdogo alikuwa anaifikia chupa ya pilipili.

Pilipili yenyewe ilikuwa ya watoto, asikudanganye mtu. Chumvi ndiyo iliyomuua. Kufikia saa nane na nusu ulimi wake ulikuwa mzito, midomo imekauka, na mazungumzo ya mezani yameanza kumkwepa, kila mtu anaitazama glasi kisha anajifanya hakuitazama. Annick alimkanyaga mguu chini ya meza, akamwambia kwa Kiingereza anywe, ni juisi tu. Emérite akamjibu kwa Kiswahili kwamba anajua ni juisi, aliwahi kuiuza. Jibu hilo halikumsaidia Annick hata kidogo. Mhudumu naye, msichana mwema, akaona labda mama hapendi rozela, akanyoosha mkono aiondoe alete maji. Emérite akaikumbatia glasi kwa mikono yote miwili. Kuinywa ni jibu, lakini kuirudisha nako si jibu? Wakwe wakirudishiwa kinywaji wamekataliwa mchana kweupe. Na kama si wakwe, basi amewatukana watu wema waliomwalika, na binti yake atalipia. Hakujua ashike lipi aache lipi.

Akaomba njia, akaenda msalani, akajifungia, akampigia Octave.

Octave alikuwa amelala, usiku kucha alikesha zamuni. Alipoelewa ni nani, akaanza maswali yake. Wamekaa upande gani? Wa dirishani. Mwanamume mkubwa yupo? Yupo, ana suti. Ametaja ng'ombe? Ameulizia ng'ombe, Emérite alisema, lakini wa kula, wakamwambia leo wana kuku. Octave akanung'unika kwamba hilo halimo katika mambo anayoyajua. Na kijana je? Kijana ana raba. Mwishowe mzee alisema hivi: arudi akakae, asinywe, asirudishe, na kitu kikitokea ampigie. Msaada mkubwa huo! Emérite alinawa uso, akatazama bomba la maji pale ukutani, akajiuliza kama maji ya msalani yanahesabika. Aliona aibu kumpigia tena mzee wa watu kumuuliza swali hilo.

Sasa sikia yaliyotokea mezani nyuma yake, ambayo Annick alimsimulia baadaye. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha Emérite kilikuwa kimemfikia baba mdogo. Kwao, watu wanapokwenda kuposa, wazazi wa binti hukaa kimya, hawasemi, hawapokei kitu, mpaka wawekewe kwanza chupa au zawadi ya kuwafungua mdomo. Imvulamlomo, ndivyo wanavyoiita. Baba mdogo akamnong'oneza MaNgubane: huyu mama hanywi, hasemi, ameshika glasi kama amana. Hawa watu wa Burundi wanataka tuanze leo! MaNgubane akasema hapana, tumekuja kula. Baba mdogo akasema wewe umekuja kula, mwenzio anangoja. Siyanda alipinga, Annick alipinga, lakini baba mdogo alikuwa mkubwa wao, na tayari alikuwa amemwita mhudumu na kuagiza chupa nzima ya pombe kali ya Meksiko, maana ndiyo iliyokuwepo.

Asilolijua ni kwamba mkahawa ule una desturi zake. Anayenunua chupa nzima huimbiwa. Kwa hiyo Emérite aliporudi na kuketi, walitokea jikoni wahudumu wanne, mmoja na gita, mmoja na ngoma, wakiimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, wakambandika baba mdogo kofia kubwa ya majani kama ungo. Watoto wakatoka kwenye mipira yao kuja kuona. Meza zote zikapiga makofi, wakidhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Na baba mdogo, katika suti yake ya vipande vitatu na kofia ile, akaizunguka meza polepole, chupa mikononi, akakunja magoti mbele ya Emérite, akaiweka chupa karibu na glasi na kusema neno lile moja tu la Kizulu, kwa upole.

Emérite alipigwa na butwaa. Yeye mlokole, miaka kumi na miwili pombe haijagusa mdomo wake, ameletewa chupa ya pombe kwa ngoma. Anachezewa? Anaheshimiwa? Huyu mtu amepiga goti au ameinama kwa sababu ya uzito wa kofia? Aliitazama suti, akaitazama kofia, akazitazama raba za Siyanda chini ya meza, na elimu yake yote ya mapindo ikamwacha peke yake. Machozi yakaanza kumtoka. Ala zikanyamaza moja moja, gita kwanza, kisha ngoma.

"Mama," Annick alisema, na alisema kwa Kiswahili, "unataka nini?"

"Nataka mtu aseme," Emérite alisema. "Kama tunakula, waseme tunakula, ninywe niondoke na kiu yangu imekwisha. Kama wamekuja kukuomba, wakuombe kwa mdomo, nisikie. Babu yako alikaa nje siku tatu na koti lake akingoja mtu aje aseme kuhusu mimi. Hakuna aliyekuja. Mimi sitakunywa bure."

Annick hakuwa amewahi kusikia habari ya koti. Miaka kumi na minane wameishi wawili katika chumba kimoja au viwili, na mama hajawahi kumwambia. Akawageukia wenyeji wao, akawaeleza kwa Kizulu, kirefu, na Emérite alimwona MaNgubane akifunika mdomo kwa kiganja. Baba mdogo akakumbuka kofia. Aliivua, akaiweka chini ya kiti.

Maelezo yakaja, Annick akiyapokea na kuyapitisha kwa kigugumizi. Ni kweli walikuja kula tu. Barua ya kuposa ilikuwa iletwe Desemba, kwa taratibu zao, nyumbani, na wajumbe. Suti? Baba mdogo huvaa suti popote, hata kwenda spaza, duka la mtaani, kununua mkate. Hana nguo nyingine ya kutokea. Na pindo la shweshwe lilishonwa kwa mkono kwa sababu cherehani ya MaNgubane imevunjika sindano. Emérite aliposikia hayo alitaka ardhi ipasuke immeze. Basi ni yeye, yeye na Octave wake, waliowaharibia watu Jumapili yao. Akaanza kuomba radhi, na mkono wake, kwa aibu, ukaichukua glasi ili ayamalize.

"Hapana," baba mdogo alisema, na hilo Emérite alilielewa bila kutafsiriwa. Mama aliyekaa na kiu namna ile, akaongeza, hangojeshwi mpaka Desemba. Barua itakuja kwa wakati wake. Neno atapewa leo. Akasimama wima, akafunga vifungo vyote vya koti. Siyanda naye akasimama kando yake, akavitazama viatu vyake kwa huzuni. Baba mdogo akaanza kusema Kizulu cha wazee, cha taratibu, kilichokuwa mbali sana na kile cha gerejini. Emérite alishika maneno mawili matatu tu mwishoni: sizocela isihlobo esihle. Kisha wote wakamgeukia Annick, kwa sababu mezani hapakuwa na mkalimani mwingine.

Annick alisimama. Mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Anasema," alianza, "sisi ni watu wa Mazibuko. Wao, yaani. Wao ni watu wa ukoo wa Mazibuko. Wametoka mbali. Wameona nyumba, ina moshi, wakajua ndani kuna watu. Wamekuja kuomba undugu. Undugu mzuri."

"Rudia," Emérite alisema. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Annick akarudia. Emérite akakaa sawasawa kwenye kiti, akakumbuka Octave husema nini mahali hapa, akakisema yeye, kwa kuwa msemaji mwingine hakuwa naye. Aliuliza nyumba yake ina mabinti wengi, wao wanamtaka yupi? Annick akawatafsiria. MaNgubane akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu chupa ije. Baba mdogo alijibu kwa neno moja.

"Anasema Annick," Annick alisema.

"Annick yupi?"

"Annick wa Emérite. Mimi, mama. Wananiomba mimi."

Emérite aliichukua glasi. Barafu haikuwepo tena, ndimu imezama, wekundu umepauka. Hakuipeleka mdomoni. Alimtazama mwanawe juu ya ukingo wa glasi, huyu aliyemvika viatu vya kwanza kwa pesa ya kinywaji hikihiki, akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuulizwa na mtu.

"Ninywe, nisinywe?"

Hapa hapakuwa na cha kutafsiri. Annick alifuta macho kwa kiganja kama mtoto.

"Kunywa, mama."

Akanywa. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, bila kupumzika, na meza nzima ikamngoja. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mtoto mmoja wa meza ya jirani, akanyamazishwa.

Simu ikalia. Ilikuwa Octave, usingizi umemkimbia. Akauliza kama amekunywa. Amekunywa. Je, walisema? Walisema, tena wakiwa wamesimama.

"Nani alikutafsiria?"

"Mwenyewe," Emérite alisema.

Posa zote alizosemea mzee, Yeoville mpaka Pretoria, hajawahi kusikia binti akiombwa kwa mdomo wake mwenyewe. Akauliza taratibu kama hilo linaruhusiwa. Emérite akasema atampigia kesho, sasa ana wageni, akakata.

MaNgubane alikuwa ameshamwita mhudumu alete jagi jingine na aiondoe ile chupa. Siyanda amemshika Annick mkono waziwazi. Baba mdogo bado alikuwa amesimama mahali pake, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka mashavuni, hajui kama shughuli imekwisha au kuna lingine. Emérite akainuka, akamwendea. Kizulu alichohitaji alikuwa nacho, ndicho anachowaambia wateja wake kila siku kabla ya kuwapima. Akamwambia sasa anaweza kuvua koti.